Kikwembe cha Mananasi

Kasongo, tarehe 14 Januari 2024

Kwako mwanangu Victoire,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote wa nyumba yako. Sisi huku tuko wazima, ila baba yako mdogo Jean-Baptiste tangu astaafu ualimu ameamua kufuga bata. Anaamka kabla ya jogoo kwenda kuwasalimia bata wake, na mimi mke wake salamu nazipata saa nne, kama zimebaki. Mashini yangu ya kushona bado inafanya kazi. Sikukuu ziliponikuta, kila mtu wa Kasongo alitaka nguo yake siku ile ile moja, nikashona mpaka nikawa naota mikono ya mashati.

Baada ya salamu, nina neno. Salomon, yule wa pikipiki anayepeleka mizigo Kabambare mpaka Salamabila, juzi alikuja kuchukua suruali yake. Nikamuuliza habari zako. Akasema, “Mama Apolline, Victoire iko muzuri. Lakini siku hizi anatembea pole-pole, mukono kwenye mugongo.” Mwanangu, mimi si mtoto wa juzi. Mwanamke anayeshika mgongo namna hiyo hakubeba kuni tu. Ni miezi mingapi? Na mbona habari ya mjukuu wangu naletewa na mtu aliyekuja kufuata suruali?

Sitaki kukutonesha kidonda. Lakini yule wa kwanza tulimzika kwa sababu alizaliwa nyumbani, na pale nyumbani hapakuwa na mtu anayejua kumsaidia apumue. Safari hii utakwenda kituo cha afya, upimwe kila mwezi, na uzalie huko. Ni mwendo wa saa mbili tu kutoka kwako, na mguu wako naujua.

Nijibu kwa Salomon huyu huyu. Bata wanakusalimu.

Mama yako mdogo,
Apolline


Kijijini, upande wa Kabambare, tarehe 2 Februari 2024

Kwako mama mdogo mpendwa,

Barua yako nimeipokea na mikono miwili. Nimecheka habari za bata mpaka mama mkwe akaja kuuliza kama kuna msiba. Sisi huku tuko wazima. Mume wangu Asani bado yuko Salamabila anatafuta dhahabu. Simu ya nyumba alikwenda nayo, ndiyo maana nakuandikia kama watu wa zamani. Hata angeiacha, network huku inapatikana juu ya kilima tu, na kilima chenyewe kina nyuki.

Ni kweli, ni miezi mitano. Sikukuambia kwa sababu nilitaka kwanza nione kama anabaki. Anabaki, na anapiga teke. Anapenda sana harufu ya sombe, majani ya mihogo yakichemka.

Kituoni nitakwenda, usiwe na wasiwasi. Ila kwa sasa mpunga umeanza kuchanua, na ndege wa huku hawana huruma, mtu akiondoka shambani asubuhi anakuta mabua. Pia mvua ni nyingi. Pia mama mkwe anasema mwendo mrefu unamtikisa mtoto. Pia kile kijito cha katikati kimejaa. Mambo yakitulia nitakwenda.

Nimetoa sandukuni kile kikwembe cha marehemu mama, kile kitenge chenye picha za funguo. Kimechakaa mpaka funguo zenyewe hazionekani vizuri. Nakifunga kiunoni nikienda kufukuza ndege, kinashika mgongo. Nikikivaa naona kama mama yupo.

Mtoto wako,
Victoire


Kasongo, tarehe 20 Februari 2024

Kwako Victoire, mwenye sababu nyingi,

Tuko wazima. Bata mmoja ameingia jikoni na kula bukari yangu, ugali wote wa jioni, na baba yako mdogo alimtetea bata.

Sasa nakujibu. Ndege: mama mkwe wako ana mikono miwili na sauti inayofika Nyangwe, awafukuze yeye. Mvua: hujawahi kuyeyuka. Mwendo unamtikisa mtoto: na kupanda mlima wa shamba je, kule mtoto amelala? Kijito: Salomon ananiambia mnakivuka kila siku ya soko na vikapu kichwani. Kama ni malipo, nimeuliza, kituo kinapokea hata mchele. Sababu nne, zote zimekufa. Una ya tano?

Nakukumbusha neno la wazee: mficha uchi hazai. Wale wauguzi wameona kila kitu, hawatashangaa kukuona wewe.

Kuhusu kile kikwembe cha funguo. Usikitupe. Usikivae shambani tena, kirudishe sandukuni. Sina zaidi la kusema juu yake.

Apolline wako, mwenye hasira na mapenzi


Kijijini, tarehe 9 Machi 2024

Kwako mama mdogo,

Huku wote wazima, mpunga ndege walituachia kiasi. Kikwembe cha mama nimekirudisha sandukuni kama ulivyosema, ingawa hukuniambia sababu. Mimi nilifikiri katika ukoo wetu mficha mambo ni mmoja tu.

Umeniomba sababu ya tano. Nilikuwa sitaki kuiandika, kwa sababu ukiiandika inaonekana ndogo.

Jirani yangu Léocadie ana mimba kama mimi. Mwezi wa kumi na mbili alikwenda kituoni kupimwa. Alikuta benchi la mbele limejaa wake za wafanyabiashara, vikwembe vyao vipya hata havijafuliwa, wakigeuka vinalia kama karatasi. Yeye akakaa nje chini ya paa. Kikwembe chake kina tundu hapa kwenye paja. Hakuna aliyemtukana. Mwanamke mmoja alitazama lile tundu, akamtazama mwenzake, basi. Léocadie akarudi nyumbani kabla hajaitwa jina. Aliniambia, “Nilionaka haya mingi sana, Victoire. Nguo ya juu iko na tundu moja. Wakinilalisha kitandani kwa kupima tumbo, wataona ya ndani iko na tatu.”

Mama mdogo, chakula tunacho. Tuna mchele, tuna mihogo, kuku hatukosi. Nguo ndiyo hatuna. Wauza vikwembe wanapita hapa na mizigo yao moja kwa moja mpaka Salamabila, kwenye dhahabu. Kwetu wanasimama kunywa maji. Na waume zetu wako huko huko, wanasema watarudi na vikwembe, tangu mwaka juzi wanasema.

Kwa mtoto wangu yule wa kwanza, aliyetangulia, sababu ilikuwa hiyo hiyo. Sikuogopa mvua. Nilikuwa na kikwembe kimoja, siku ile kilikuwa kimelowa juu ya kamba, na uchungu haukungoja kikauke. Uliniandikia mficha uchi hazai. Basi mimi nakuambia, sisi huku si uchi tunaouficha, ni nguo.

Victoire


Kasongo, tarehe 17 Machi 2024

Mwanangu,

Nimesoma barua yako mara moja, nikafunga mashini mchana kweupe. Baba yako mdogo alidhani ninaumwa. Ninaumwa, ndiyo.

Salomon anakuletea mzigo. Ndani kuna kikwembe kipya, cha njano, chenye mananasi makubwa. Nilikichagua kwa makusudi. Mtu akivaa mananasi namna ile, hakuna atakayeuliza mengine. Kuna pia kofia mbili na nguo tatu za mtoto, nimezishona kutoka mabaki ya sare ya kwaya, kwa hiyo mjukuu wangu atakuwa na rangi tatu kama bendera.

Vaa, uende. Leo hii. Ndege waache wale mpunga.

Apolline


Kijijini, tarehe 6 Aprili 2024

Kwako mama mdogo mwenye mkono mzuri,

Sijui nianze wapi kushukuru. Nilipofungua mzigo, wanawake sita walikuwa nyumbani kwangu kabla sijamaliza kukunjua. Mama mkwe alikishika, akakinusa, akasema kina harufu ya duka. Zile kofia wanasema ni za mtoto wa gavana.

Nakupa habari nzuri: kikwembe kimependwa sana kituoni. Muuguzi mmoja alikisifu mbele ya watu wote wa benchi la mbele. Mtoto anapiga teke sana, tumbo limeshuka kidogo, nakula vizuri. Mvua kubwa. Daraja la njia ya Kasongo linalia chini ya pikipiki, Salomon anasema siku zake zimehesabiwa.

Nina haraka, ananingoja.

Victoire


Kasongo, tarehe 25 Aprili 2024

Kwako Victoire,

Sisi wazima. Kaa chini kwanza.

Jana aliingia hapa mwanamke mnene mwenye kucheka, anataka kushonewa blauzi mbili nyeupe za kazi. Anaitwa Cécilia. Ni mkunga wa kituo chenu, amekuja Kasongo kwa mafunzo ya wiki moja. Nikampima mabega huku nikijivuna moyoni. Nikamuuliza kama anamjua mwanamke mmoja wa kijiji chako, mwenye kikwembe cha mananasi.

Akapiga makofi. “Mama! Ule mwanamuke wa mananasi? Miye ule mutu ananichanganya akili! Juma moja anakuja na tumbo ya miezi sita. Juma ya pili anakuja na ya miezi minane. Juma ya tatu anazaa mapacha. Juma ya ine iko tena pale, na tumbo ya miezi mitatu, na sura ingine!”

Nilicheka mpaka futi ya kupimia ikanianguka. Mkunga naye akacheka, halafu tukatazamana, na wote wawili tukaacha kucheka, kwa sababu tulielewa: kikwembe kimoja, wanawake wengi.

Nimeisoma tena barua yako ya tarehe 6. Uliandika kikwembe kimependwa. Mimi mjinga nikadhani wewe umo ndani yake! Nimemwonyesha Cécilia urefu wako kwa mkono, nikamweleza na alama ya shavu lako. Amesema sura hiyo hajaiona hata siku moja.

Victoire, wewe umekwenda au hukwenda? Nijibu neno moja.

Apolline


Kijijini, tarehe 4 Mei 2024

Kwako mama mdogo,

Sikwenda.

Nilitaka kwenda. Siku ya kwanza nilikivaa, nikafika kwenye kijito, nikamkuta Léocadie anafua kile chake chenye tundu. Tumbo lake lilikuwa kubwa kuliko langu na miguu imevimba. Ningepita vipi, mama mdogo, na mananasi yangu? Nikamfungia kiunoni pale pale. Akapimwa, wakamkuta ana upungufu wa damu, wakampa dawa. Baadaye ikaja zamu ya yule wa mapacha, angezalia wapi wale wawili? Halafu wengine. Sasa tuko saba. Kila jioni kinarudi, kinafuliwa, kinaanikwa, na kesho kina mtu wake. Kwa desturi yetu mwenye chungu hula mwisho, nami nimekuwa mwenye chungu.

Sasa ni zamu ya Esther-Divine, amelala kituoni na mananasi, anangoja kuzaa, na haijulikani atarudi lini. Mimi nahesabu wiki tatu. Labda kitawahi kurudi. Nitakingoja.

Usinikasirikie. Naogopa, sikufichi. Usiku wa kumzika yule mtoto naukumbuka, na kusema kweli naogopa benchi lile karibu sawa na kuogopa kaburi. Ni upumbavu, najua.

Victoire


Kasongo, tarehe 8 Mei 2024

Victoire, mwanangu,

Leo sina habari za bata.

Uliniuliza kwa nini usivae kile kikwembe cha funguo shambani. Nimelinyamazia jambo hili miaka ishirini na sita, na leo ninaliandika.

Mwaka 1998 mimi na mama yako Louise tulikaa nyumba moja hapa Kasongo, wanawake wawili na kikwembe kimoja cha kutokea mbele ya watu. Ndicho hicho cha funguo. Jumapili yeye alikwenda misa ya kwanza, mimi misa ya pili, tunavishana mlangoni, mmoja anaingia na mwingine anatoka. Tulicheka sana kwa ajili hiyo.

Mwezi wa tano rafiki yangu aliolewa Nyangwe. Mama yako alikuwa na tumbo lako kubwa. Akaniambia, “Twaa, lakini kesho urudi nacho.” Nikaenda. Harusi ilikuwa tamu, Victoire. Nilicheza siku tatu.

Uchungu ulimshika siku ya pili. Maternite, nyumba ya kuzalia, ilikuwa karibu, mtu akiita mlangoni kwetu wanamsikia kule. Majirani wakamwambia twende. Akajibu, “Mungoje kwanza Apolline arudi na kikwembe.” Akaningoja. Akaningoja mpaka wewe ukachoka kungoja, ukazaliwa juu ya mkeka. Damu ikamtoka mpaka wakambeba ndani ya blanketi. Waliokoa maisha yake, lakini hakuzaa tena. Ndiyo maana huna ndugu. Watu walisema kuna mtu amemfunga tumbo kwa uchawi, wakatafuta mchawi, na mimi nikawaacha watafute. Hapakuwa na uchawi wowote. Palikuwa na kikwembe kimoja kwa wanawake wawili.

Hakunilaumu hata siku moja. Alikifua, akakianika, akahamia huko kwa baba yako nacho.

Basi nakuambia, usingoje kikwembe. Nenda na tundu. Nenda na kiraka, nenda na gunia, nenda umejifunga jani la mgomba. Atakayekutazama vibaya mwambie aje Kasongo anitazame mimi. Samahani yako nitaiomba siku nyingine. Leo naomba uende tu.

Apolline


Kasongo, tarehe 29 Mei 2024

Victoire,

Wiki tatu sina neno lako. Wanasema daraja limekwenda na maji. Salomon hajarudi. Sijui kama barua yangu ilifika au imeliwa na samaki.

Ninashona na kufumua. Jana nilimshonea mtu koti lenye mikono miwili ya kushoto. Hata bata wamenionea huruma, wananifuata.

Barua hii nampa mtu wa baiskeli. Andika hata mstari mmoja.

Apolline


Kijijini, tarehe 5 Juni 2024

Kwako mama yangu mdogo, ambaye sasa ni bibi,

Naam, bibi. Tuko wazima, na leo wazima ni wengi kuliko siku zote. Vuta kiti.

Barua yako ya tarehe 8 ilifika tarehe 23. Salomon alikuta daraja hakuna, akavusha pikipiki kwa mtumbwi na barua ndani ya kofia. Niliisoma mlangoni. Nililia kidogo, halafu nikacheka. Mama mdogo, ile harusi naijua! Mama alinisimulia kila mara, “Mdogo wangu alicheza Nyangwe siku tatu, mpaka wapiga ngoma wakaomba ruhusa walale.” Akifika hapo alicheka mpaka anajifuta macho. Sikujua kama ndizo siku nilizozaliwa. Mtu mwenye kinyongo hacheki vile. Samahani usiiombe, ulikwisha kupewa kabla sijaota meno.

Nikafungua sanduku, nikatoa kile cha funguo. Kesho yake alfajiri uchungu ukanishika. Mananasi yalikuwa bado kituoni na Esther-Divine. Mama mkwe akasema, “Tungoje, leo ataleta kikwembe.” Nikamwambia, “Hapana, mama. Katika jamaa yetu tulishangojaka.” Nikajifunga funguo zangu zenye viraka, nikatoka.

Léocadie aliniona nikipita. Aliingia nyumbani, akajifunga kile cha tundu, akatoka na mtoto wake mchanga mgongoni. Akaita wenzake. Kwenye kijito tulikuwa sita, mama mdogo, kila mmoja na kibovu chake cha kufa, yule wa mapacha na wawili wake mbele na nyuma. Léocadie akasema, “Sasa waangalie. Watachoka macho, tuko wengi.” Tukaenda tukiimba, mimi nasimama uchungu ukija, wao wanaimba kwa nguvu zaidi. Kituoni benchi la mbele lilikuwa limejaa. Lilitutazama, kweli. Tukalitazama na sisi. Halafu mmoja wa wale wake za wafanyabiashara akasimama, akanipa nafasi yake.

Cécilia akatoka na blauzi mpya uliyomshonea, akaona alama ya shavu langu. Akapiga kelele, “Huyu ndiye! Mwenye mananasi mwenyewe!” Akaniingiza.

Mtoto alitoka vizuri, akalia kabla hajakanyaga dunia. Baada yake damu ikaanza, mama mdogo, nyingi, kama ile ya mama. Nilisikia masikio yananiziba. Cécilia alinichoma sindano, akanikandamiza tumbo, akaita mwenzake. Damu ikasimama. Jioni aliniambia, “Ungezalia kwa nyumba, leo tungekuwa tunaimba nyimbo zingine.” Sasa naweza kutembea, na Cécilia anasema nikitaka mwingine mlango uko wazi. Nimemwambia aniache nipumzike kwanza.

Ni msichana. Kofia yako ya kwaya imemkaa vizuri. Baba yake alituma salamu kutoka Salamabila na kusema anakuja na kikwembe, tukacheka wote.

Siku ya kutoka walinipaka poda shingoni na usoni, kama desturi ya mzazi, mpaka nikafanana na muuza unga. Esther-Divine, ambaye alijifungua siku moja kabla yangu, akavua mananasi, akaniletea, kimefuliwa na kukunjwa. “Hii ni yako, dada. Utoke nayo kama mama mukubwa.” Nikamwambia kikae hapo hapo kituoni, kwa Cécilia, cha yeyote atakayefika bila kitu.

Mimi nilitoka na kile cha funguo. Mtoto anaitwa Louise, nilimfunga mgongoni ndani yake. Mama mdogo, kikwembe chako kimefika maternite. Kimechelewa miaka ishirini na sita, lakini kimefika.

Mtoto wako,
Victoire